Lango Linapokwama: Kitenzi kama Chombo cha Kuchunguza Hitilafu

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya kitenzi cha Kiswahili katika uchunguzi wa hitilafu za vyombo vya chuma. Mfano unaotumiwa ni lango la kuteleza la aina inayoonekana mbele ya nyumba nyingi katika mtaa wa Kahawa Sukari, Kaunti ya Kiambu. Inahojiwa kuwa neno "limekwama", ambalo mwenye nyumba hulitumia kwa kila tatizo, huficha hali tano tofauti. Kila hali ina kitenzi chake, kipimo chake na tiba yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetarajia kutafsiri au kuandika maelekezo ya kiufundi hana budi kuvitofautisha vitenzi hivi, kwa kuwa kitenzi kisichofaa humpeleka msomaji kwenye tiba isiyofaa, na wakati mwingine kwenye hatari.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika taaluma za sayansi na teknolojia imeelemea sana upande wa nomino. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kifaa fulani kiitweje, neno lake litoholewe au libuniwe, na nani mwenye mamlaka ya kulisanifisha. Swali hili lina uzito wake, lakini si swali pekee. Mtu anayekabiliwa na chombo kilichoharibika huanza kwa kuuliza kinafanya nini, au kimeacha kufanya nini. Jibu la swali hilo hubebwa na kitenzi, si na nomino.

Umuhimu wa suala hili umeongezeka nchini Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi hutarajiwa kutoa ilani, maelekezo na maonyo yanayoeleweka. Kijitabu cha maelekezo kilichojaa nomino sanifu lakini chenye vitenzi vya kukisia hakimfai fundi wala mteja wake.

Mfano uliochaguliwa ni wa kawaida. Kahawa Sukari ni mtaa wa makazi ulio kando ya Barabara Kuu ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nyumba zake nyingi zimezungushiwa kuta za mawe, na kila ukuta una lango la chuma. Baadhi ya malango hufunguka kwa kuzunguka kwenye bawaba, na mengine huteleza kando ya ukuta juu ya reli. Makala haya yanashughulikia aina hii ya pili. Mwanafunzi apitaye huko kila siku akienda darasani hupita mbele ya somo zima la mofolojia bila kulitambua.

2.0 Lango la kuteleza na viungo vyake

Kabla ya kujadili hitilafu, ni vyema kueleza jinsi lango lenyewe linavyofanya kazi. Fremu ya chuma huchomelewa na kufunikwa kwa bati zito. Chini ya fremu hufungwa magurudumu mawili au zaidi, ambayo ukingo wake una mfuo. Mfuo huo hukaa juu ya reli, yaani chuma kirefu kilichopachikwa katika zege kwenye njia ya lango. Ndani ya kila gurudumu mna beringi, nayo huhitaji grisi ili izunguke kwa wepesi.

Magurudumu hubeba uzito, lakini hayawezi kulizuia lango lisianguke upande. Kazi hiyo hufanywa na vigurudumu vidogo vya juu vilivyofungwa kwenye nguzo, ambavyo huibana fremu pande zote mbili na kuiongoza. Hatimaye, kila mwisho wa njia huwekwa kizuio cha chuma ili lango lisitoke nje ya reli. Kizuio hiki kinaonekana kuwa kitu kidogo, lakini ndicho kinachomlinda mtu anayesukuma. Lango la chuma lenye upana wa kupitisha gari linaweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, na likitoka kwenye vigurudumu vya juu huanguka kwa ghafla.

Ieleweke kuwa msamiati huu una maneno ya asili na ya mkopo bega kwa bega. Lango na geti hutumika yote mawili, la kwanza katika maandishi na la pili katika mazungumzo ya kila siku. Reli, beringi, grisi na spana yamekubalika katika karakana na hayana haja ya kubadilishwa. Nomino, basi, hazina tatizo kubwa hapa. Tatizo huanza pale mtu anapotakiwa kueleza lango limepatwa na nini.

3.0 Mazungumzo ya kufunzia

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya somo hili. Wahusika ni mwenye nyumba, bawabu ambaye ni mtu mzima kwa umri, na fundi aliyeitwa asubuhi.

Mwenye nyumba: Fundi, geti limekataa. Tangu jana linatusumbua.
Fundi: Pole, mama. Limekataa kuanza, ama linaanza halafu linakataa njiani?
Mwenye nyumba: Linaanza vizuri. Likifika katikati linakwama.
Fundi: Linakwamia pale pale kila mara, ama mara hapa, mara pale?
Bawabu: Pale pale, fundi. Karibu na huu mti. Ukilirudisha nyuma, linarudi bila shida.
Fundi: Na mvua ilinyesha, mzee?
Bawabu: Ilinyesha sana juzi usiku. Maji yalipita hapa na mchanga.
Fundi: Basi msilisukume tena. Mzee, nisaidie na fagio na maji kidogo.

Fundi huyu hajashika spana. Amefanya uchunguzi kwa lugha peke yake, na kila swali lake limebebwa na muundo maalumu wa sarufi. Swali la kwanza linatenga kuanza na kuendelea. La pili linatumia kauli ya kutendea, "linakwamia", ili kudai mahali. Takriri "pale pale" inatofautisha kizuizi kilichopo mahali pamoja na ugumu ulioenea njia nzima. Jibu la bawabu lenye kiambishi cha masharti, "ukilirudisha", linathibitisha kuwa magurudumu ni mazima, maana gurudumu bovu lisingerudi "bila shida". Kufikia hapo fundi ana sababu ya kutosha kudhani kuwa kuna kitu juu ya reli.

Inafaa pia kutazama neno la mwanzo la mwenye nyumba, "limekataa". Katika Kiswahili cha kila siku vyombo hukataa, husumbua na hugoma kana kwamba vina hiari. Matumizi haya si makosa, na yana ladha yake. Hata hivyo hayaelezi chochote kuhusu sababu. Fundi analipokea neno hilo kwa heshima, kisha analigeuza kuwa swali.

4.0 Ukoo wa kitenzi "kwama"

Kitenzi "kwama" huhusishwa na "kwaa", chenye maana ya kugonga au kugota mguu, kama katika "kujikwaa". Kutokana na shina hilo lugha imepata "kwaza", yaani kumfanya mtu ajikwae, na nomino "kikwazo". Umbo "kwama" lina mnyambuliko wa kauli ya kutendama, ambayo huonyesha kuwa kitu kimo katika hali au mkao fulani. Vitenzi vingine vya kauli hii ni kama "inama", "simama", "tuama" na "gandama". Ashton (1944) aliishughulikia kauli hii katika sarufi yake pamoja na kauli ya mgusano, yaani ya kutendata, inayoonekana katika "fumbata", "ambata" na "kamata".

Kwa hiyo, kimofolojia, "kwama" ina maana iliyo finyu kuliko inavyotumiwa mitaani. Husema kuwa kitu kilikuwa katika mwendo, kikakutana na kikwazo, nacho sasa kimekaa katika hali hiyo. Kama hakuna kikwazo, hakuna kukwama kwa maana halisi.

Kutokana na "kwama" hupatikana maumbo yafuatayo, na kila moja lina kazi yake katika uchunguzi:

(a) kwamia: "Limekwamia wapi?" Hutafuta mahali au kitu kilichozuia.
(b) kwamisha: "Nini kimelikwamisha?" Hutafuta sababu.
(c) kwamua: "Fundi amelikwamua." Ni kauli ya kutendua, inayoeleza tendo la kuondoa hali ya kukwama.
(d) kwamuka: "Limekwamuka." Hueleza kuwa hali imekwisha, bila kumtaja mtenda.
(e) kwamakwama: "Linakwamakwama." Uradidi huu huonyesha tatizo la kujirudiarudia.

Mwanafunzi atambue tofauti kati ya (c) na (d) katika ripoti ya kazi. Fundi akisema "nimelikwamua" anadai kuwa ameiona sababu na kuiondoa. Akisema "limekwamuka" huenda lango limeachia lenyewe, na sababu bado ipo. Mteja mwenye sikio ataendelea kuuliza.

5.0 Vitenzi vitano, hitilafu tano

5.1 Kukwama

Hii ndiyo hali iliyoelezwa katika mazungumzo ya hapo juu. Dalili zake ni tatu: lango husimama ghafla, husimama mahali pale pale, na hurudi nyuma kwa wepesi. Sababu huwa ni jiwe dogo, mchanga ulioshindiliwa na maji ya mvua, mzizi ulioinua zege, au sehemu ya reli iliyobonyea baada ya kukanyagwa na gari zito.

Tiba yake huanza kwa kulirudisha lango nyuma kidogo, si kwa kuongeza nguvu mbele. Baada ya hapo njia husafishwa, na reli hupapaswa kwa mkono ili kuona kama imenyooka. Kuongeza nguvu kuna madhara mawili. Gurudumu laweza kupanda juu ya kizuizi na kutoka kwenye reli, au fremu yaweza kupinda. Katika hali zote mbili hitilafu ya dakika tano hugeuka kuwa ya siku nzima.

5.2 Kunata

Lango linalonata halisimami ghafla. Huwa zito njia nzima, na likiachwa husimama papo hapo badala ya kuendelea kidogo kwa mwendo wake lenyewe. Maana ya mgusano imo katika kitenzi hiki: vitu viwili vimeshikana kwa utando wa kitu cha tatu. Hapa utando huo ni grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi mpaka ikawa kama ulimbo.

Kosa la kawaida ni kumimina grisi nyingi zaidi juu ya reli. Grisi ya juu ya reli hukusanya vumbi, na baada ya wiki chache hali hurudi ikiwa mbaya zaidi. Tiba sahihi ni kukwangua uchafu, kuosha kwa mafuta ya taa mbali na moto wowote, kupangusa hadi pakauke, kisha kutia grisi mpya ndani ya beringi tu. Reli yenyewe huachwa ikiwa safi na kavu.

Ni vyema kutambua kwamba "nata" haina mwenza wa kutendua unaotumika sana. Tiba yake husemwa kwa vitenzi vya usafi: kwangua, osha, pangusa. Lugha yenyewe inadokeza kuwa hapa hakuna cha kufyatua wala cha kung'oa.

5.3 Kuganda

Lango lililoganda halianzi kabisa, au huanza kwa kishindo na kuburutika. Mara nyingi hali hii hufuata kipindi ambacho lango halikutumika, hasa baada ya mvua. Kutu imeingia ndani ya beringi, na gurudumu limeacha kuzunguka. Lango likisukumwa kwa nguvu, gurudumu huteleza juu ya reli badala ya kubingirika. Sauti yake ni ya kukwaruza, nayo haiachi.

Kipimo chake ni rahisi. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa kila gurudumu, kisha mtu asukume polepole huku mwingine akitazama akiwa amesimama mbali na njia ya lango. Mstari unaozunguka ni wa gurudumu zima, na mstari usiozunguka ni wa gurudumu lililoganda. Gurudumu lililoburutwa kwa muda mrefu huwa limelika upande mmoja, na hata likigandulika halitazunguka sawasawa. Hapo hapana budi kulibadilisha.

Kitenzi hiki kina kauli ya kutendua, "gandua", na ya kutenduka, "ganduka". Kugandua hufanywa kwa kupenyeza mafuta mepesi na kusubiri. Kupiga nyundo huivunja beringi badala ya kuigandua.

5.4 Kupinda na kwenda upogo

Hali ya nne ndiyo inayokosewa zaidi. Lango huwa halina kizuizi, magurudumu yake huzunguka, na reli ni safi. Hata hivyo hubana. Sababu ni kuwa fremu haikai tena mraba, au nguzo imeinama, au zege la reli limedidimia upande mmoja. Sehemu ya mbele hutaka kwenda huku sehemu ya nyuma ikibaki, na fremu hujikaza baina ya vigurudumu vya juu. Huko ndiko kwenda upogo.

Udongo una mchango mkubwa katika hali hii. Katika sehemu za nyanda zinazoelekea Ruiru na Juja kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka. Zege lililomwagwa juu ya udongo huo bila msingi wa kutosha huinuka wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba ataona lango likitenda vyema mwezi wa Februari na kubana mwezi wa Mei, naye atalilaumu lango.

Vipimo vyake ni vitatu. Kwanza, kamba hupimwa kutoka pembe moja ya fremu hadi pembe iliyo mkabala kwa mshazari, kisha hupimwa mshazari wa pili. Urefu ukilingana, fremu ni mraba, usipolingana, imepinda. Pili, timazi hushushwa kando ya nguzo. Tatu, pimamaji huwekwa juu ya reli hatua kwa hatua. Kila kipimo hutenga sehemu yake: fremu, nguzo au msingi.

Hapa mwanafunzi aonywe kuhusu mofolojia yenyewe. Kwa kuwa "funga" hutoa "fungua", na "kwama" hutoa "kwamua", mtu anaweza kudhani kuwa dawa ya "pinda" ni "pindua". Sivyo. Pindua ni kugeuza juu chini. Kinyume cha kupinda ni kunyosha. Mfasiri aliyezoea kanuni bila kuzingatia matumizi anaweza kuandika katika kijitabu, "Ikiwa lango limepinda, lipindue", na msomaji mtiifu akaliangusha lango la mamia ya kilo. Mfano huu unaonyesha kwa nini kauli za vitenzi hazifundishwi kama jedwali la kukariri peke yake.

5.5 Kugoma

Malango mengine huendeshwa kwa mota ya umeme. Mota ikinguruma bila lango kusogea, au isiponguruma kabisa, watu husema lango limegoma. Neno hili lifae kwa hali hii peke yake: nguvu ya kuendesha haifiki, au inafika ikiwa haba.

Kabla ya yote umeme huzimwa. Baada ya hapo lango hutenganishwa na mota kwa ufunguo uliowekwa kwa kazi hiyo, kisha husukumwa kwa mkono. Likiwa jepesi, lango halina kosa, na hitilafu imo katika mota, betri au nyaya. Likiwa zito, mota haina kosa, na mchunguzi arudi kwenye hali nne zilizotangulia. Jaribio hili moja huokoa gharama, kwa sababu mota nyingi hulaumiwa na kubadilishwa kwa makosa ya gurudumu lililoganda.

6.0 Njeo, hali na ukanushi

Kitenzi kikishapatikana, viambishi vyake navyo hutoa taarifa. Tazama sentensi zifuatazo:

(a) Lango limekwama.
(b) Lango linakwama.
(c) Lango hukwama asubuhi.
(d) Lango linakwamakwama.
(e) Lango halifungiki.
(f) Lango halifungwi.

Sentensi (a) inaeleza hali iliyopo sasa. Mtu akienda atalikuta limesimama. Sentensi (b) inaeleza tatizo linaloendelea kutokea kila linaposukumwa. Sentensi (c), yenye kiambishi "hu-", inaleta mazoea, na fundi makini atauliza asubuhi ina nini: umande, baridi au gari linaloegeshwa karibu usiku. Sentensi (d) ni ya tatizo linalokuja na kutoweka, ambalo ndilo gumu kuliko yote kwa kuwa huenda lisionekane fundi akiwapo. Katika hali hiyo bawabu huwa shahidi muhimu kuliko mwenye nyumba, maana yeye ndiye afunguaye na kufunga mchana kutwa.

Jozi ya (e) na (f) inahitaji uangalifu. "Halifungiki" ina kauli ya kutendeka na husema kuwa haiwezekani kulifunga. "Halifungwi" ina kauli ya kutendwa na husema kuwa watu hawalifungi, pengine kwa uzembe au kwa desturi. La kwanza ni suala la fundi. La pili ni suala la mwenye nyumba na bawabu wake. Ripoti inayochanganya haya mawili inaweza kumfukuzisha mtu kazi bila hatia.

7.0 Vitenzi hivi mbele ya chombo kigeni

Ili kuona kama vitenzi hivi vinatosha nje ya lango, ni vyema kuvijaribu kwenye chombo ambacho hakina mazoea katika mazingira ya Kahawa Sukari. Nchini Marekani watu wengi husafiri na nyumba ya trela, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu inayokokotwa na gari. Baadhi ya nyumba hizo zina chumba cha kutokeza. Wakati wa safari chumba hicho huwa kimeingizwa ndani. Trela ikishaegeshwa, mota hukisukuma nje ya ukuta ili kuongeza nafasi. Nacho, kama lango, hushindwa kuteleza mara kwa mara.

Hitilafu zake zaeleweka bila istilahi mpya. Chumba hukwama kikikutana na kitu kilichosahauliwa sakafuni, tawi lililoangukia paa lake, au chuma cha kukizuia wakati wa safari ambacho hakikuondolewa. Hunata mpira wa kuzuia maji unaokizunguka unaposhikana na ukuta kwa joto la jua, na dawa yake ni kuusafisha na kuupaka kilainishi kifaacho mpira, si grisi. Huganda reli na meno ya mtambo wake yakiingiwa na kutu. Huenda upogo upande mmoja unapotangulia mwingine, hasa trela ikiwa imeegeshwa mahali pasipo sawa. Ndiyo maana trela husawazishwa kwanza. Hugoma betri inapokuwa dhaifu.

Mpangilio wa uchunguzi nao haubadiliki. Mtu husimama nje na mwingine ndani, watoto huondolewa njiani, mota husikilizwa, pande mbili hulinganishwa, na hakuna anayelazimisha. Msemaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kuona chumba cha aina hiyo anaweza kumsikiliza mwenye trela, akamwuliza maswali yale yale ya fundi wa lango, na kufikia jibu linalofaa. Alichopungukiwa ni jina la chombo tu, na jina hilo linaweza kupatikana kwa maelezo ya maneno machache, kama ilivyofanywa hapa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa neno "limekwama" linapotumiwa kwa kila hitilafu humwacha fundi gizani, na kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi vya kuitenga kila hali: kukwama kwa kizuizi, kunata kwa uchafu, kuganda kwa kutu, kwenda upogo kwa fremu au msingi, na kugoma kwa nguvu ya kuendesha. Imeonyeshwa pia kuwa kauli za vitenzi, viambishi vya njeo na uradidi hufanya kazi ya uchunguzi kabla ya chombo chochote cha chuma kushikwa.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kuwa kozi za tafsiri na za istilahi katika vyuo vikuu zitenge nafasi kwa vitenzi vya hitilafu na tiba, na kuwa wanafunzi wapelekwe kwenye karakana kusikiliza jinsi mafundi wanavyouliza maswali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayetumwa kuziba ufa sharti kwanza aambiwe, kwa neno lililo sahihi, kuwa huo ni ufa.

Maswali ya mazoezi

1. Tofautisha "nimelikwamua" na "limekwamuka" kwa kuzingatia mtenda na dai la msemaji.
2. Toa vitenzi vitano ambavyo kauli yake ya kutendua haileti maana ya kinyume inayotarajiwa. Eleza madhara yanayoweza kutokea katika maelekezo ya kiufundi.
3. Andika mazungumzo ya mistari kumi baina ya fundi na mteja kuhusu mlango wa matatu unaokwamakwama. Tumia kauli ya kutendea angalau mara mbili.
4. "Mota imegoma" na "mota imeungua" ni kauli mbili zinazotofautiana kwa uhakika wa sababu. Jadili.
5. Chukua ukurasa mmoja wa maelekezo ya Kiswahili ya chombo chochote cha nyumbani. Pigia mstari vitenzi vyote, kisha uonyeshe vile ambavyo vinaweza kumpotosha mtumiaji.